Zawadi ya Mwalimu Mwisho wa Mwaka: Ipi, Lini, na kwa Mkono wa Nani

Shule za upande wa Kenya hufunga mwaka mwishoni mwa Oktoba. Zetu za Uganda husogea hadi mwanzoni mwa Desemba. Kwa wazazi wa Mwello na vijiji vilivyo kati ya Tororo na Busia, ambako si ajabu ukoo mmoja kuwa na mtoto wa P4 huku na binamu yake wa Gredi ya 4 ng'ambo, msimu wa kumshukuru mwalimu huja mara mbili, na mara zote mbili huukuta mfuko ukiwa vilevile. Hapo maswali huanza. Nimpelekee kuku? Nimtumie pesa kwa simu? Nikitoa kidogo, atanidharau? Nikitoa kikubwa, watu hawatasema nimemnunulia mtoto namba?

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Kabla hujafikiria bei wala kitu chenyewe, jiulize kama mwalimu anaweza kuipokea zawadi hiyo mchana, uwanjani, mbele ya mkuu wa shule na wazazi wote, na kama wewe unaweza kuisimulia sokoni bila kushusha sauti. Ikiwa jibu ni ndiyo kwa yote mawili, endelea, hata kama unachotoa ni sukari kilo moja. Ikiwa unaona afadhali kuipeleka gizani, kitu hicho kibaki nyumbani, kiwe kikubwa kiwe kidogo.

Nasema hivi kwa sababu tunaishi mahali ambapo "mkono mtupu haulambwi" ni methali inayotamkwa kwa kicheko, lakini anayeitamka huwa ameshanyoosha mkono. Mzazi anayeleta jogoo wiki moja kabla ya mtihani anajua anachokifanya, na mwalimu anajua, na mtoto aliyembeba huyo jogoo kwapani anajua kuliko wote. Kwa P7 jogoo huyo hana kazi yoyote, kwani mtihani wa PLE wa Novemba hutungwa na kusahihishwa na UNEB, baraza la taifa la mitihani, na mwalimu wa darasa hana mkono ndani yake. Madhara yako kwenye madarasa ya chini. Kuanzia P1 hadi P6 mwalimu ndiye anayetunga, anayesahihisha, anayeandika ripoti na ambaye maoni yake huamua nani arudie darasa. Ng'ambo vivyo hivyo: alama ambazo walimu wa Gredi ya 4 na ya 5 huziweka darasani huingia katika hesabu ya matokeo ya mtihani wa KPSEA mtoto anapofika Gredi ya 6. Mtu mwenye kalamu ya namna hiyo mkononi usimpe kitu kabla hajaiweka chini.

Kwa hiyo wakati unaofaa ni baada ya ripoti kutolewa. Siku ya kufunga shule, ripoti zikishagawanywa, ndiyo siku nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuna namba inayoweza kubadilika tena na wazazi wengi wapo. Kama mwalimu wako atakuwa na safari siku hiyohiyo, na wengi huwa nayo, mpe jioni ya siku ya kuamkia kufunga, lakini bado baada ya ripoti kusainiwa. Kuna na tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu 1994. Kwa upande wa Kenya tarehe hiyo inaangukia karibu kabisa na mwisho wa mwaka na inafaa kuunganishwa na shukrani za darasa zima. Kwa Uganda inakuja mwezi mmoja kabla ya PLE, na hapo ushauri wangu ni kwamba iwe siku ya maneno tu: watoto waimbe, waandike kadi, wazazi wapige makofi. Vitu vingoje Desemba.

Sasa pesa. Upande wa Kenya jambo hili limeshaamuliwa: mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ni afisa wa umma, na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 inakubali zawadi ya kawaida ya heshima lakini haikubali iwe pesa. Basi usimtumie mwalimu wa mtoto wako M-Pesa ukaandika "asante". Unamweka pabaya, naye huenda akaona aibu kukuambia. Upande wa Uganda, Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya mwaka 2009 inamgusa anayetoa na anayepokea chochote kwa ajili ya kuipindisha kazi ya umma, na pesa ya simu iliyoingia saa tatu usiku kutoka kwa mzazi wa mtoto dhaifu ni vigumu kuieleza, hata kama nia ilikuwa safi kama maji ya kisima. Yako mazingira ambayo pesa ni sawa. Mwalimu amefiwa, ameuguliwa, ameunguliwa nyumba, au ameshahamishwa na hamfundishi tena mtoto wako. Hapo wazazi wakichanga hawatoi zawadi ya mwisho wa mwaka, wanasaidiana kama wanavyosaidiana majirani wote, na hakuna mwenye la kusema. Ila mkituma kwa simu, kumbukeni kuongeza ya kutolea. Uganda inatoza kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa, juu ya ada ya mtandao wenyewe, na ni jambo la ovyo kumtumia mtu elfu ishirini halafu alipie yeye kuishika.

Napendelea kuliko yote zawadi ya darasa zima. Chukua darasa la watoto 60, na kwenye shule zetu za UPE (elimu ya msingi kwa wote) hilo ni darasa la kawaida, mengine yana zaidi ya hapo. Kila nyumba ikitoa shilingi 1,000 tu za Uganda, mna 60,000. Kwa fedha hizo mnaweza kupata kitu kimoja cha maana ambacho mzazi mmoja asingeweza kukitoa bila kuumia, na hakuna mtoto ambaye jina lake litakaa juu ya kitu hicho kuliko la mwenzake. Imeandikwa tu: kutoka kwa watoto wa P3.

Lakini michango inajua kugombanisha watu, kwa hiyo kuna mambo ya kuangalia. Mkusanyaji awe mzazi, asiwe mwalimu, na hasa asiwe mwalimu anayepewa. Isisomwe orodha ya nani katoa ngapi, wala isibandikwe, wala isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Isomwe jumla na risiti ya kilichonunuliwa, basi. Asiyekuwa na elfu moja alete kikombe cha njugu, na asiyekuwa na njugu mtoto wake achore kadi, na jina lake lihesabiwe sawa na la wengine. Pia wazazi waelewe kwamba Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inakataza shule za UPE kutoza ada na inaacha nafasi kwa mchango wa hiari tu. Siku mtakaposikia mtoto amesimamishwa mbele ya wenzake kwa kuwa kwao hawajatoa "ya zawadi ya mwalimu", mjue hiari imekufa. Rudisheni pesa za watu.

Tuje kwenye vitu vyenyewe, tuanze na chakula, maana ndicho tunacho.

Mwalimu wa shule ya msingi wa serikali Uganda mwenye cheti cha Gredi III analipwa shilingi zipatazo laki tano kwa mwezi. Ng'ambo, mwalimu mwanagenzi wa shule ya msingi amekuwa akipata posho ya shilingi 15,000 za Kenya. Wengi wao wamepanga chumba kimoja senta, mbali na shamba lao wenyewe, kwa hiyo hata kile ambacho jirani yake anakichimba tu shambani, yeye hukinunua. Ndiyo maana chakula cha kwenda nacho kwao likizo kinamfaa kuliko mapambo ya ukutani. Lakini kiwe chakula kinachobebeka na kinachokaa. Mkungu wa matoke unaonekana mkubwa mkiupiga picha, ila mwalimu anayepanda basi kesho asubuhi kwenda Soroti ataufanyaje? Atauacha kwa mwenye nyumba, naye kwa adabu atakuambia ulikuwa mtamu sana.

Vinavyokaa tunavijua: njugu karanga, simsim, wimbi, maharage, mchele wa Doho kutoka Butaleja. Kilo tano za kimoja, zilizochambuliwa vizuri, zinatosha na zinabebeka kwenye mkoba. Gunia ni majivuno. Ninaposema zilizochambuliwa nasisitiza kwa sababu ya msimu: njugu za msimu wa pili zinang'olewa wakati mvua haijaisha vizuri, na njugu zilizowekwa na unyevu huota ukungu unaoleta sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na inaumiza ini. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Toa zote zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye weusi, na usimpe mwalimu zile ambazo wewe mwenyewe ungezitenga kando. Wimbi nalo lipepetwe na kutolewa mawe. Ukitaka kumfurahisha zaidi, lisage kabisa, kwa kuwa mwalimu anayerudi chumbani saa kumi na mbili jioni na madaftari sabini ya kusahihisha hana muda wa kwenda kinuni.

Kuku ana heshima yake, na kwa Wasamia, Wamarachi, Waadhola na Wateso wa huku mtu akikupa kuku amekupa neno zito. Sina ugomvi naye. Ila mpe akiwa hai, hasa kama mwalimu wako ni Mwislamu, ili amchinje mwenyewe kwa utaratibu wa dini yake. Kuku aliyechinjwa na mtu asiyemjua anaweza kumpokea mikononi mwako na kumpa jirani. Halafu angalia afya ya banda lako. Miezi ya kiangazi cha Desemba na Januari kideri hupita vijijini na kufagia, na kuku mmoja aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa anaweza kuwamaliza wote wa mwalimu. Kama kuku wa jirani wameanza kufa, mwaka huu toa simsim.

Samaki wakavu, omena ama mukene kama wenzetu wanavyomwita, ni zawadi nzuri na nyepesi, na anayefika Majanji au Sio Port anawapata wasafi kuliko wa sokoni. Samaki wengine uliza kwanza. Kamongo haliwi na kila mtu. Wapo wanaomwacha kwa sababu ya ukoo, na kambare hawaliwi na Waadventista. Nguruwe usimpeleke kwa kubahatisha. Na pombe, iwe ya chupa iwe ya mtungi na mirija, haina nafasi katika zawadi inayopitia mikononi mwa mtoto. Hata kama mwalimu anakunywa na kijiji kizima kinajua anakunywa.

Mpaka una mambo yake, na hapa wazazi wengi huingia matatani bila kukusudia. Kavera ni jambo la kwanza. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 na adhabu yake ni nzito, kwa hiyo zawadi iliyofungwa vizuri Busia ya Uganda ndani ya kavera jeusi inageuka kuwa kosa ukishavuka hatua chache. Tumia kapu, mfuko wa kitambaa au gazeti na kamba ya katani. Jambo la pili ni mifugo na nafaka. Januari 2021 Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda, na Machi mwaka huohuo ikazuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya aflatoksini. Makatazo kama hayo huja na kuondoka, na ndege hai daima anataka karatasi ya daktari wa mifugo. Badala ya kusimama forodhani Busia au Malaba ukimweleza afisa kwamba huyu jogoo ni wa mwalimu wa Kiingereza, badilisha pesa na umnunue kuku hukohuko ng'ambo. Ukimtuma kijana wa boda, kazi iliyozaliwa hapahapa mpakani, mwambie apite mbele ya maofisa. Zawadi ya mwalimu isipite njia za panya.

Mpaka huohuo unatupa na nafasi ambayo wenzetu wa Gulu au Mbarara hawana, nayo naitamani zaidi ya kuku wote. Mwalimu wa Kiswahili upande wa Uganda ana kazi ngumu. Serikali ilikiweka Kiswahili kuwa somo la lazima katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakikubali kuwa lugha rasmi na likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, msingi na sekondari. Uamuzi ulifika kabla ya vitabu. Unakuta mwalimu anayefundisha ngeli kwa daftari aliloandika akiwa chuoni, na watoto wanaozungumza Kiswahili cha sokoni vizuri kumzidi. Ng'ambo ya barabara, Busia ya Kenya, maduka ya vitabu yanauza kwa wingi kile anachokikosa: vitabu vya sarufi vya Gredi ya 4 hadi ya 9, hadithi fupi za watoto, kamusi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyochapishwa 2015, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu ambayo toleo lake la kwanza ni la 1981, ikinunuliwa na wazazi wa darasa moja itamtumikia mwalimu miaka kumi na itapita mikononi mwa watoto mia kadhaa. Zungumza na mwenye duka mapema, Oktoba, kabla hajaanza kujaza rafu kwa ajili ya Januari ambapo bei hupanda na foleni hutoka nje. Ndani ya jalada watoto wote waandike majina yao. Kwa maoni yangu hakuna zawadi inayouzidi mzigo huo kwa mzazi wa mpakani.

Wa masomo mengine nao wana vitu vya kazi ambavyo huvinunua kwa mshahara wao bila kusema. Kalamu nyekundu, boksi zima. Chaki nzuri isiyomwaga vumbi. Manila na kalamu za kuchorea chati za ukutani. Daftari gumu la maandalio. Taa ya sola ya kusahihishia usiku, kwa wale waliopanga kusiko na umeme. Kwenye taa hiyo ndiko napendekeza mchango wa darasa uende mkikosa wazo lingine, ila nunueni dukani penye dhamana ya maandishi, si kwa mchuuzi wa kwenye maegesho. Tena wengi wa walimu wa cheti wa Uganda hivi sasa ni wanafunzi pia. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, kwa hiyo likizo ya Desemba wengine hawaendi kupumzika, wanakwenda kusoma. Mwalimu wa namna hiyo mpe bando la intaneti la mwezi, rimu ya karatasi, flashi, au mkoba imara wa kubebea vitabu. Atakukumbuka siku ya mahafali.

Nguo ni eneo la hatari na sitakaa hapo sana. Kitenge cha yadi sita ni zawadi nzuri kwa mwalimu mwanamke, lakini kitenge bila pesa ya fundi ni deni, kwa hiyo darasa likitoa kitambaa, lilipe na mshono kwa fundi ambaye mwalimu atamchagua. Leso inakwepa tatizo hilo, kwani haihitaji vipimo wala fundi. Viatu, mashati ya kukisia saizi, manukato na saa, viacheni. Na baba mwenye mtoto kwa mwalimu kijana wa kike asipeleke zawadi peke yake, hata ikiwa ni mche wa sabuni. Ampeleke mama watoto, au dada, au wapeleke wazazi wawili watatu pamoja. Maneno ya senta hayana breki, na yakianza, wa kuhama shule huwa ni mwalimu.

Kuhusu glasi sita na beseni la maua, niseme tu kwamba ukiingia nyumbani kwa mwalimu aliyefundisha miaka ishirini utazikuta glasi hizo kabatini, seti kwa seti, nyingine bado zimo kwenye boksi. Inatosha.

Kuna walimu ambao zawadi huwapita kila mwaka. Mwalimu wa P7 hupata, kwa kuwa watoto wake wanaondoka na wazazi wana furaha. Mkuu wa shule hupata. Mwalimu wa P1, aliyempokea mtoto wako akiwa hajui kushika penseli, akamfuta makamasi na kumfundisha kusoma kwa Dhopadhola au Kisamia kabla ya Kiingereza, hapati kitu, kwani matunda yake hayaonekani hadi miaka sita baadaye, wakati mwenzake ameshayachukua makofi. Mwalimu wa BOM (bodi ya shule) upande wa Kenya, anayelipwa na shule kwa michango yetu wenyewe na ambaye mwezi mwingine halipwi, naye husahaulika, tena likizo ndiyo miezi yake ya njaa. Vijana wa chuo cha Nagongera wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha, wanakaa wiki kadhaa, wanapendwa na watoto, kisha wanaondoka bila hata soda. Na mpishi, na mlinzi. Kama darasa lenu lina 60,000, si lazima zote ziende kwa mtu mmoja.

Walimu wa shule za binafsi wana habari yao. Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa ajili ya korona na haikuzifungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na muda huo wote wengi wao hawakupata mshahara. Wakafyatua matofali, wakaendesha boda, wakauza nyanya barabarani, na baadhi hawakurudi darasani tena. Waliorudi wanajua mzazi gani aliwapitishia debe la mahindi miezi ile na nani alipita akijifanya hawajui. Sikukumbushi ili uone haya. Nakukumbusha kwamba mwalimu wa binafsi mara nyingi halipwi miezi ya likizo hata sasa, na kilo kumi za unga wa posho kwake mwezi wa Desemba si ishara ya heshima tu, ni chakula cha Januari.

Halafu kuna zawadi isiyohitaji pesa wala kapu, nayo wachache sana huitoa: barua. Sisemi kadi ya "asante mwalimu" yenye maua. Nasema barua ya mzazi iliyoandikwa kwa mkuu wa shule, yenye tarehe, jina la mwalimu, darasa, na jambo moja au mawili uliyoyaona kwa macho yako. Kwamba Aprili mtoto wangu alikuwa hawezi kutoa na kukopa, na Novemba anaweza. Kwamba mwalimu huyu alimpigia simu bibi yake mtoto alipokosa siku tatu. Iandike kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, au mwambie kijana aandike, wewe utie dole gumba. Toa nakala tatu: moja kwa mwalimu, moja kwa mkuu wa shule iingie kwenye faili, na moja kwa ofisi ya elimu ya wilaya, au kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo kama uko ng'ambo. Mwalimu anapoomba kupandishwa cheo, faili lake limejaa barua za kumwita ajieleze na karatasi za ukaguzi. Mara chache sana lina karatasi ya mzazi inayosema kazi aliifanya. Na kwa mwalimu mwanagenzi anayetafuta ajira ya kudumu, karatasi hiyo anaweza kuibeba kwenye usaili wowote.

Ofisi za wilaya hupungukiwa watu kuanzia katikati ya Desemba, na ng'ambo walimu wanatawanyika mara tu Oktoba inapoisha. Basi mzazi mwenzangu, kama mwaka huu una nguvu ya jambo moja tu, andika barua ya mwalimu wa P1 wiki hii na uipeleke mwenyewe.